Mzigo wa Mwenzako Mlangoni Pako

Somo: Mwanzo 43, mstari wa 11 hadi wa 23

 

Mazungumzo yetu ya leo si juu ya jambo la mbinguni lililo mbali nasi. Ni juu ya boksi. Ni juu ya mzigo ulioletwa mlangoni pako, ukapokelewa kwa jina lako, na kumbe si wako. Twauliza hivi: mtu akiletewa kitu cha thamani kwa makosa, kitu ambacho hakukiagiza wala hakukilipia, je, kimekuwa chake? Na kama si chake, yampasa kufanya nini?

Huenda mwingine akasema, hilo ni swali dogo, hata mtoto wa Shule ya Jumapili atalijibu. Kweli, ni rahisi kulijibu mzigo ukiwa mlangoni kwa jirani. Ukiwa mlangoni kwako, na ukiwa ndicho kitu hasa ulichokuwa ukikililia kwa miaka, swali hilo huwa gumu. Kwa hiyo na tulitazame pamoja, polepole.

Kwanza, tuone jinsi mizigo inavyopotea njia. Huku kwetu Migori na Homa Bay, si ajabu hata kidogo. Nyumba zetu nyingi hazina namba, wala njia zetu hazina majina. Mzigo hupelekwa kwa jina la mtu na namba ya simu. Sasa, majina yetu tunayajua. Mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku ni Otieno. Msichana aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, na aliyezaliwa jua likiwa kali ni Achieng. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth. Ni majina mazuri, tumeyapokea kutoka kwa wazee wetu, lakini usiku huja kila siku, na asubuhi vile vile. Ukisimama katika soko la Oyugis siku ya soko ukaita Otieno, watageuka wangapi?

Tena kuna anwani za posta. Namba ya posta ya Homa Bay ni 40300. Ile ya Suna, yaani mji wa Migori, ni 40400. Tofauti ni tarakimu moja tu. Karani mwenye haraka akiandika 3 mahali pa 4, mzigo wa mtu wa Migori umekwisha kwenda ziwani. Na wale wanaosafiri kwa basi wanaijua Rongo, mahali njia ya Homa Bay inapoachana na barabara kuu iendayo Migori na Isebania mpakani. Mzigo ukishushwa upande usio wake pale Rongo, makanga mwingine huuchukua na kuupeleka aendako yeye. Hakuna aliyekusudia mabaya. Ni kosa tu la binadamu.

Sasa tuweke mfano, nasi twasema wazi kwamba ni mfano, si habari za mtu fulani. Tuseme yuko mama Homa Bay auzaye samaki. Ni mama mwaminifu kanisani, mjane, analea watoto wanne. Kila asubuhi hununua mbuta na ngege ufuoni. Jua likiwaka sana na wanunuzi wakiwa wachache, samaki huharibika, na faida ya siku tatu humwagwa shimoni. Kwa muda mrefu amemwomba Mungu apate friza. Siku moja jioni, mkokoteni unasimama mlangoni pake. Juu yake kuna boksi kubwa.

Kijana anamwambia, "Mama, huu mzigo wako. Umekwisha lipiwa. Weka sahihi hapa."

Mama anatia sahihi. Kijana anakwenda zake. Mama anakata kamba, na ndani yake mna friza mpya. Anatazama karatasi iliyobandikwa pembeni. Jina ni kama lake. Lakini namba ya simu siyo yake, na chini pameandikwa Migori.

Wapendwa, tusimcheke mama huyu. Tujiweke mahali pake. Mbele yake kuna chombo ambacho kingeokoa kazi yake na kulipa karo ya watoto. Hakuvunja mlango wa mtu, wala hakusema uongo. Kimekuja chenyewe, kama mvua. Na moyo wa mwanadamu ni mwepesi sana wa kutafuta maneno wakati kama huo. Tuyasikilize maneno ambayo moyo huyasema, maana kila mmoja wetu ameyasikia.

Neno la kwanza ni hili: "Mimi sikuiba. Wao ndio waliokosea." Ni kweli kwamba kosa ni lao. Lakini kosa la mwenzangu halinipi mimi mali yake. Jirani akisahau kufunga zizi usiku, ng'ombe akaingia bomani kwangu, je, asubuhi nitamkamua na kusema ni wangu kwa sababu mlango ulikuwa wazi? Kosa lake ni la usiku mmoja. Lakini nikijua na nikanyamaza, hapo linaanza kosa jingine, na hilo ni langu.

Neno la pili: "Kampuni ni tajiri. Hawatahisi." Ndugu zangu, mara nyingi hatujui ni nani atakayehisi. Friza ile huenda imeagizwa na mama mwingine wa Migori, auzaye maziwa, aliyeweka akiba katika chama miaka miwili. Au atakayelipa ni yule kijana wa mkokoteni, au karani wa mizigo aliyekosea namba. Twajua jinsi mambo yalivyo katika kazi nyingi ndogo ndogo: mzigo ukipotea, mshahara hukatwa, au mtu huambiwa asirudi kesho. Kumbe yule tuliyemwita "kampuni" ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga, amepanga chumba kimoja. Na hata kama mwenye mali angekuwa tajiri kweli, Torati ilipoamuru kumrudisha ng'ombe aliyepotea haikuuliza kwanza mwenyewe ana ng'ombe wangapi.

Neno la tatu: "Mimi ni maskini, nahitaji zaidi kuliko yeye." Hapa tunasema kwa huruma, maana umaskini si mchezo. Lakini uhitaji wangu haunifanyi kuwa hakimu juu ya mali ya mtu ambaye sijui habari zake. Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tukikubali kwamba mwenye shida anaweza kujitwalia kilichopita mbele yake, basi hakuna maskini atakayelala salama, kwa maana daima yuko mwenye shida kuliko yeye.

Neno la nne ndilo la hatari kuliko yote kwa watu wa kanisa: "Nilikuwa nikiomba. Mungu amejibu maombi." Hapa mtu hachukui friza tu, humchukua na Mungu awe shahidi wake. Wapendwa, Mungu hujibu maombi, wala hatuna shaka. Lakini hajibu maombi ya mmoja kwa kumnyang'anya mwingine ambaye naye labda alikuwa akiomba kitu hicho hicho. Baraka ikija na jina la mtu mwingine juu yake, tusiifanye kuwa yetu kwa kuimba haleluya.

Sasa wako watakaouliza, na serikali inasemaje? Yafaa tujue, maana Mkristo ni raia pia.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 268, haisemi kwamba mwizi ni yule tu anayenyosha mkono na kutwaa. Mtu anayekigeuza kitu cha mwenzake kuwa chake, kwa hila na bila haki, naye huhesabiwa kuwa ameiba. Juu ya vitu vilivyopotea, sheria hiyo inamwacha huru aliyeokota ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe, na alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Sasa turudi kwenye boksi. Lina jina, lina mji, lina namba ya simu. Nani atasema mwenyewe hawezi kupatikana?

Kuna wengine wamesikia kwamba mtu akiletewa kitu ambacho hakukiomba, si lazima akilipie. Hilo nalo ni kweli kwa upande wake. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1971, na Kenya inayo katika Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Lakini tuelewe shabaha yake. Wako wafanya biashara wenye hila, wanaompelekea mtu bidhaa kwa makusudi bila yeye kuomba, kisha wanamdai fedha. Sheria imewekwa ili kumwokoa mtu na hila hiyo. Kitu ambacho mpokeaji anajua, au angepaswa kujua, kwamba kilikusudiwa mtu mwingine, hakimo ndani ya kinga hiyo. Mtego ni jambo moja, na kupotea njia ni jambo jingine.

Na siku hizi mizigo mingine haina boksi wala kamba. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha zinaweza kupotea njia kwa kidole kimoja tu kubonyeza tarakimu isiyo yake. Mtu yuko shambani Awendo anapalilia miwa, simu inalia, amepokea shilingi elfu kumi kutoka kwa mtu asiyemjua. Juu ya hilo sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta, kifungu cha 35, inasema wazi: mtu anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya simu yaliyomfikia kwa makosa, ambayo yangepaswa kumfikia mwingine, ametenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au yote mawili.

Wala si sisi wa leo tuliolianza swali hili. Mwaka 1885 huko Uingereza mtu mmoja aitwaye Ashwell alimwomba mwenzake Keogh amkopeshe shilingi moja. Ilikuwa usiku, gizani. Keogh akatoa sarafu akampa, wote wawili wakidhani ni shilingi. Kumbe ilikuwa sarafu ya dhahabu ya pauni moja, yaani shilingi 20. Baadaye Ashwell akaigundua. Hakuirudisha. Aliibadilisha akaitumia. Kesi ikafika mbele ya majaji 14, nao wakagawanyika nusu kwa nusu, 7 wakisema ni mwizi, na 7 wakisema si mwizi kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, kwa kuwa sarafu alipewa kwa hiari. Kwa sababu hawakupatana, hukumu ya kwanza ikabaki, Ashwell akahesabiwa kuwa na hatia.

Angalieni jambo moja hapa. Walichobishania majaji ni jina la tendo lile katika sheria, kama liitwe wizi au sivyo. Yule aliyempa hakuwa na shida ya kulijua. Alitoa shilingi 1 kumsaidia rafiki, akapoteza 19 nyingine. Sheria yaweza kuwa na mwanya. Lakini dhamiri, hata gizani, ilijua tofauti ya shilingi na dhahabu mara tu mwanga ulipopatikana.

Basi, sasa tuje kwenye Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa habari za ng'ombe, kondoo, punda, vazi, na kitu chochote cha ndugu kilichopotea. Waliagizwa mambo matatu. La kwanza, usijifanye hukukiona. La pili, ukimjua mwenyewe, umrudishie. La tatu, kama yuko mbali au humjui, kiweke kwako mpaka atakapokuja kukitafuta. Ona jinsi Mungu alivyofikiri hata juu ya umbali. Kitu hicho kinakaa katika nyumba yako, lakini kinakaa kama mgeni, kikingoja mwenyewe. Na katika Kutoka, sura ya 23, agizo hilo hilo latolewa kwa habari ya ng'ombe wa adui. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Yule wa Migori hata simjui." Kama yatupasa kumrudishia adui, si zaidi mtu asiyetukosea neno lolote?

Lakini tumechagua Mwanzo 43 kuwa somo letu kwa sababu kubwa. Mnakumbuka habari hiyo. Njaa ilikuwa kali katika nchi ya Kanaani. Wana wa Yakobo walikwenda Misri kununua nafaka, wakalipa. Njiani na nyumbani walipofungua magunia, wakakuta fedha zao zote zimo ndani. Wana nafaka, na fedha wanazo. Kwa mtu mwenye njaa, hiyo si bahati nzuri? Hawakujua kwamba Yusufu ndiye aliyeagiza zirudishwe.

Chakula kilipokwisha, walipaswa kurudi Misri. Ndipo yule mzee Yakobo akawaambia wachukue fedha mara mbili: fedha mpya za kununulia, pamoja na zile za kwanza zilizoonekana midomoni mwa magunia, wazirudishe. Naye akatoa sababu: pengine zilikuwa zimewekwa pale kwa kupitiwa. Ona hekima ya mzee huyu. Hakuwa na hakika, alidhani tu. Wala wenye ghala hawakuwa wamedai. Wakati wenyewe ulikuwa wa njaa, na kila kipande cha fedha kilihitajiwa. Hata hivyo, alipoona kwamba huenda ni kosa la mtu, ilimtosha.

Nao wana wakafanya vizuri. Hawakungoja kuulizwa. Walipofika mlangoni pa nyumba ya Yusufu, kabla ya kuingia, walimwendea msimamizi wa nyumba wakamweleza yote: tulilipa, tukafungua magunia, tukakuta fedha kwa uzito wake, hatujui nani aliziweka, na hizi hapa tumezirudisha. Ni kweli walikuwa na hofu. Lakini walisema.

Na msimamizi akajibu nini? Aliwaambia wasiogope, kwamba fedha yao ya malipo ilimfikia, na kwamba Mungu wao ndiye aliyewapa hazina ile. Sasa yuko mtu atakayeruka na kusema, "Mwaona! Ilikuwa zawadi ya Mungu tangu mwanzo. Hata mama wa friza angeweza kusema hivyo." Ngoja, ndugu. Tazama ni nani aliyesema maneno yale, na aliyasema lini. Wale wenye magunia hawakujisemea. Aliyesema ni yule aliyekuwa na mamlaka juu ya fedha. Tena aliyasema baada ya wao kufungua vinywa na kuonyesha kila kitu. Kabla ya hapo fedha ile ilikuwa mzigo wa hofu ndani ya magunia, wakaogopa wao na baba yao walipoiona. Baada ya hapo waliweza kupokea maji ya kunawa miguu na kukaa mezani. Kitu cha mwenzako hakiwi zawadi kwa sababu wewe umekiita zawadi. Huwa zawadi pale mwenyewe, akijua yote, anaposema, "Kichukue."

Hilo ndilo jibu letu kwa mama wa Homa Bay. Kwanza, aseme. Kisha aone atakavyojibiwa.

Na aseme namna gani? Hapa tutoe mashauri machache ya kazi, maana nia njema isiyo na njia hupotea.

Kwanza, asikitumie kitu hicho. Asiitie friza umeme "kujaribu tu." Arudishe karatasi zake ndani ya boksi, aliweke mahali pakavu pasipovuja.

Pili, atoe habari siku ile ile. Ampigie mwenye gari la mizigo, au duka lililouza, au namba iliyoandikwa pale. Siku zikipita, kusema huwa kugumu zaidi, na watu huanza kuuliza alikuwa wapi.

Tatu, awe na shahidi na maandishi. Amwite jirani, mzee wa kanisa au mzee wa mtaa, waandike siku, alama za mzigo, na jina la aliyeuleta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, asimpe mtu yeyote anayekuja tu akisema, "Ni wangu." Uaminifu si ujinga. Aombe risiti, aulize mzigo ulitoka wapi na siku gani. Na katika fedha za simu ni lazima tuangalie sana, maana wako walaghai wanaotuma ujumbe wa uongo kwamba wamekosea, wakaomba warudishiwe fedha ambazo hawakutuma kamwe. Tazama kwanza salio lako lenyewe, si ujumbe. Tena usitume wewe mwenyewe kwa namba unayoambiwa. Aliyekosea hupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, kampuni ikashughulika. Wewe ziache zile fedha, usizitoe. Huo ndio urudishaji ulio salama.

Tano, gharama ya kuurudisha mzigo si ya mpokeaji, kwa kuwa hakuuita. Akitumia nauli au kulipa mkokoteni, ni haki yake kurudishiwa kiasi hicho. Lakini asigeuze gharama kuwa kikombozi, akisema, "Nipeni elfu tano ndipo mchukue." Kama watampa shukrani kwa hiari, apokee kwa furaha. Kudai ni jambo jingine.

Sita, kama amepiga simu na kungoja na hakuna ajaye, apeleke habari kwa polisi au kwa chifu, ziandikwe. Akifanya hivyo, amelala usingizi.

Lakini huenda yuko anayetusikia sasa ambaye kwake mambo haya yamekwisha kupita. Mzigo ulikuja mwaka juzi. Televisheni iko ukutani, au injini ya mashua imekwisha kuuzwa kule Mbita, au zile fedha zilikwenda kwa karo. Ndugu, hatukusemi ili kukuaibisha. Walawi, sura ya 6, imemtaja mtu wa namna yako, aliyeona kitu kilichopotea akakana. Aliambiwa akirudishe kamili, aongeze na sehemu ya tano juu yake, kisha ndipo alete sadaka yake madhabahuni. Ona utaratibu: kwa mwenye mali kwanza, madhabahuni baadaye. Bwana wetu naye alifundisha hivyo katika Mathayo, sura ya 5, kwamba mtu aiache sadaka yake, akapatane kwanza na ndugu yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba akitoa fungu la kumi la kitu kile, au akachanga sana katika harambee ya kanisa, kile kilichobaki kimetakasika. Hata Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Je, tutamtolea ile iliyomgharimu mwingine?

Kama huna uwezo wa kulipa yote mara moja, nenda ukaseme, ukubaliane kulipa kidogo kidogo. Kama unaogopa kwenda peke yako, mchukue mchungaji wako au mzee unayemwamini. Zakayo alikuwa tajiri, akaweza kurudisha mara nne. Wewe huenda utaanza na shilingi mia. Bwana aliyeingia nyumbani mwa Zakayo haoni haya kuingia nyumba ya shilingi mia.

Na kwako wewe uliyekosea, uliyetuma mzigo au fedha mahali pasipo pake, tuna neno pia. Usianze kwa kumtukana aliyepokea na kumwita mwizi kabla hujamsikia. Mpigie kwa adabu: "Mama, samahani kwa usumbufu, mzigo wangu umefika kwako kwa makosa." Uje na nauli, na uje na asante. Wengi wangerudisha kwa upole kama wasingetishwa kwanza. Na ninyi wenye magari na maduka, mfanyakazi akikosea namba bila hila, msimvunje kwa mshahara wake wote. Mkifanya kosa dogo kuwa msiba, mnamfundisha afiche badala ya kusema.

Mwisho, tufikiri juu ya watoto. Katika nyumba ile ya Homa Bay watoto wanne walimwona mama akikata kamba. Waliiona friza. Wanajua haikununuliwa. Wakiona siku ya pili inanguruma pembeni imejaa samaki, hakuna somo la kanisani litakalofuta walichojifunza. Na wakiona mama anaifunga tena kwa kamba ile ile, akipiga simu kwa sauti ambayo inatetemeka kidogo, maana moyo unaumia, watakuwa wamepata urithi ambao nondo haingii. Hatusemi kwamba friza nyingine itakuja wiki ifuatayo. Hatuna ahadi hiyo. Huenda kesho samaki wataharibika tena, na itambidi kuwakausha juani kama jana. Lakini akimwona kijana wa mkokoteni njiani, hatageuza uso. Na akipiga magoti usiku, hakuna boksi kati yake na Mungu.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayejua kila kilichomo ndani ya nyumba zetu na jinsi kilivyoingia, tupe macho ya kusoma jina la mwenzetu juu ya mali yake. Tupe kinywa cha kusema upesi. Uwakumbuke wenye shida, uwape kwa njia isiyomliza mtu. Kwa jina la Yesu. Amina.